Waya wa milimita 1.1 puani mwa samaki: vifaranga wa Ziwa Michigan wanavyotiwa alama

Samoni aina ya Chinook ana pezi moja ambalo wengi hawalitazami. Liko mgongoni, karibu na mkia, nyuma ya pezi kubwa la mgongo: kinyama kidogo laini, kisicho na miiba, kinachokunjika ukikigusa. Huitwa pezi la mafuta. Katika Ziwa Michigan, nchini Marekani, pezi hilo lilifanywa cheti cha kuzaliwa. Samaki wa kituo cha uzalishaji alikatwa pezi hilo akiwa kifaranga, na ndani ya pua yake akatiwa kipande cha waya chenye namba. Aliyezaliwa mtoni bado analo.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Kufikia miaka ya 1950, trauti wa ziwa, aliyekuwa mwindaji mkuu wa ziwa lile, alikuwa amekwisha kwa sababu ya uvuvi uliopita kiasi na lampri, samaki wa baharini asiye na taya, mwenye umbo la mkunga, anayejigandisha ubavuni mwa samaki wengine na kuwanyonya damu. Wawindaji walipotoweka, alewaifu, samaki mdogo wa jamii moja na dagaa wa baharini, akafurika kupita kiasi. Ndipo mwaka 1967 jimbo la Michigan likaanza kupandikiza Chinook kutoka pwani ya Pasifiki ili awale alewaifu na awape watu uvuvi wa ndoano.

Mpango ulifanikiwa, na hapo swali gumu likaja: wapandikizwe wangapi? Chinook anategemea alewaifu mno. Akizidi, chakula kinakwisha na yeye mwenyewe anakonda na kufa. Hilo lilitokea jirani, Ziwa Huron, ambako alewaifu waliporomoka mwaka 2003 na 2004, na uvuvi wa Chinook ukaporomoka nao. Idadi ya vifaranga wanaotoka vituoni inajulikana, maana wanahesabiwa. Wasiojulikana ni wale wanaozaliwa mitoni, na bila kuwajua hao, kupanga upandikizaji ni kubahatisha.

Kabla ya waya, watafiti walitumia dawa ya oksitetrasaiklini kwenye chakula cha vifaranga. Dawa hiyo hukaa kwenye mfupa na kung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Ni njia rahisi, lakini lazima uti wa mgongo ufike maabara, na jibu lake ni moja tu: wa kituo, au si wa kituo. Haikwambii kituo gani, mwaka gani, wala alimwagwa mto gani.

Waya unayasema yote hayo. Ni chuma kisichoshika kutu, kinachoweza kutiwa sumaku, urefu milimita 1.1 na unene robo ya milimita, mdogo kuliko punje ya ulezi. Juu yake namba zimechongwa kwa leza, zikirudiwa kuzunguka waya ili zisomeke upande wowote. Waya huja umezungushwa kwenye kibonge. Mashine huukata, huupa sumaku na kuusukuma ndani ya pua kwa sindano yenye tundu. Vifaranga wote wa kundi moja hupewa namba moja, kwa hiyo namba si jina la samaki mmoja, ni jina la kundi lake.

Mwaka 2010 Shirika la Samaki na Wanyamapori la Marekani, kwa kushirikiana na majimbo, lilianza kutia alama kwa wingi katika Ziwa Michigan na maziwa makubwa jirani yake, likianza na trauti wa ziwa, kisha Chinook. Kazi hufanyika ndani ya matrela yanayovutwa hadi kituoni. Kifaranga haguswi na mkono wala hapewi ganzi. Maji yanayokwenda kwa kasi humvutia aogelee kuyakabili, kamera inampima urefu, lango linamwelekeza kwenye mstari wa saizi yake, kisha mashine inamshika, inakata pezi na kupiga waya, na kumwachia. Trela moja huweza kufanya takriban samaki 8,000 kwa saa. Asiyetoshea kwenye mistari, aliye mdogo mno au mkubwa mno, hutengwa afanywe kwa mkono.

Kwa mkono kazi ni ile ile, ila inahitaji ganzi. Vifaranga hawalishwi kwa saa 24 au zaidi, ili wasichafue maji na wasitapike. Dawa ya trikeini huwekwa miligramu 50 hadi 80 kwa lita moja ya maji. Dawa hii ni tindikali. Usipoichanganya na bikaboneti ya sodiamu, uzito ule ule au hata maradufu, maji yanakuwa makali na samaki wanaanza kuhangaika badala ya kulala. Akilala ubavu na bado mashavu yanapumua, yuko tayari. Mashavu yakisimama, mrudishe kwenye maji safi mara moja. Ni bora kulaza wachache wachache, watakaomalizika kwa dakika chache, kuliko kujaza beseni zima na kuwaacha wa mwisho wakisubiri ndani ya dawa.

Pua ndipo kazi inapoharibika. Samaki husukumwa kwenye kalibu yenye umbo la kichwa chake, sindano ikiingia katikati ya pua, kwenye nyama na gegedu iliyo mbele ya macho. Kalibu ina saizi. Ukitumia kalibu ya kifaranga wa milimita 90 kwa yule wa milimita 70, kichwa kinacheza, waya unakwenda kando au unazama. Ukikaa juu juu, unatoka kwa tundu lile lile ulimoingilia. Ukizama mno, unafika kwenye neva za kunusa, na hili watu hulipuuza. Samoni hurudi mto wake kwa kunusa. Ukimharibia pua, anaweza kupotea njia, kisha mtafiti akaandika kwamba samaki wa kituo fulani hupenda kutangatanga, kumbe ni sindano. Sindano butu nayo huchana badala ya kutoboa, kwa hiyo ikaguliwe mara kwa mara na ibadilishwe kabla haijaleta madhara.

Baada ya sindano kila kifaranga hupita kwenye kitambuzi cha sumaku. Kisipolia, anarudi kupigwa upya. Hilo halitoshi, maana waya nyingi zinazopotea hupotea ndani ya wiki chache za kwanza. Kwa hiyo baada ya wiki tatu au nne chukua sampuli, tuseme 300, uwapitishe tena. Wakilia 291, asilimia iliyobaki ni 97, na hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye fomu, wala si ile ya siku ya kazi.

Pezi nalo likatwe hadi shinani. Likiachwa nusu, linaota tena, na baada ya miaka mitatu samaki wa kituo anahesabiwa kuwa wa mtoni. Mkasi ukiingia ndani mno, unaacha kidonda mgongoni na kuvu inakaribishwa. (Kwa anayefuga sato au kambale huku kwetu: samaki hao hawana pezi la mafuta. Njia ya kukata pezi kwao inahitaji pezi jingine, kwa kawaida moja la tumboni, ambalo huweza kuota tena, kwa hiyo uhakiki uwe mkali zaidi.)

Kosa jingine halionekani kwa macho: kubadilisha kibonge cha waya kati ya kundi na kundi bila kutoa mabaki ya waya wa zamani ndani ya mashine. Samaki kadhaa wa kundi jipya wataondoka na namba ya kundi lililopita. Dawa yake ni ndogo: kata na utupe hadi namba mpya itoke, kisha bandika kipande kimoja cha waya huo kwa utepe kwenye fomu ya siku hiyo. Miaka kumi baadaye mtu akibisha, kipande kipo.

Upande wa pili wa kazi uko bandarini na kwenye mashindano ya uvuvi. Karani hukagua samaki wote walioletwa, wenye pezi na wasio na pezi, na kuandika wote. Hili nalitilia mkazo. Wavuvi wakileta kichwa cha samaki mwenye alama peke yake, utajua alikotoka huyo, lakini hutajua ni mmoja kati ya wangapi, na uwiano ndio uliotafutwa. Kwa asiye na pezi, pua hukatwa nyuma ya macho na kutiwa mfukoni pamoja na kikaratasi: tarehe, mahali, urefu, uzito, jinsia. Maabara, pua hupitishwa kwenye kitambuzi. Ikilia, hukatwa vipande viwili. Kinacholia hubaki, kingine hutupwa. Hukatwa tena, na tena, hadi kibaki kinyama cha ukubwa wa kunde, na waya unang'olewa kwa kijiti chenye sumaku, unafutwa na kusomwa kwenye hadubini. Msomaji wa pili husoma bila kuona jibu la kwanza.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme umekagua Chinook 200 wa rika moja, na 80 hawana pezi. Usikimbilie kusema 120 ni wa mtoni. Kama ukaguzi kituoni ulionyesha kwamba pezi lilikatika sawasawa kwa asilimia 96, basi wa kituo ni 80 kugawanya kwa 0.96, yaani 83. Wa mtoni ni 117, asilimia 58 na nusu. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ikizidishwa kwa mamilioni ya samaki inakuwa shehena nzima ya vifaranga.

Kazi hiyo ilithibitisha kwamba zaidi ya nusu ya Chinook wa Ziwa Michigan walizaliwa mitoni, si vituoni. Kuanzia 2013, majimbo yanayozunguka ziwa yalikuwa yamekubaliana kupunguza upandikizaji wa Chinook kwa karibu nusu, na alama zikawa kipimo cha kufuatilia uamuzi huo. Waya ukaonyesha jambo jingine: Chinook wengi waliomwagwa Ziwa Huron walikuwa wakivuliwa Ziwa Michigan, wamepita Mlango wa Mackinac, unaounganisha maziwa hayo mawili, kufuata alewaifu. Kwa hiyo anayehesabu walaji wa Michigan lazima ahesabu na vifaranga wa jirani.

Trauti wa ziwa huishi miongo. Waya uliotiwa mwaka 2010 unaweza kusomwa na mtu ambaye bado yuko shule ya msingi leo, naye atahitaji fomu ya siku ile, yenye asilimia ya wiki ya nne na kile kipande cha waya kilichobandikwa kwa utepe.