Kuliko ya nini? Kulinganisha vitu kwa Kiingereza

Wiki iliyopita nilikuwa nahariri ripoti ya Kiingereza nikakutana na sentensi hii: "Nurses' salaries are lower than doctors." Mwandishi alitaka kusema mishahara ya wauguzi ni midogo kuliko ya madaktari. Alichoandika ni kwamba mishahara iko chini kuliko madaktari wenyewe, fedha na watu juu ya mzani mmoja. Nikaongeza alama moja ya apostrofi mwishoni, "than doctors'", nikaendelea na kazi.

Katika makosa yote ya ulinganishi, hili ndilo ninalolisahihisha zaidi, na linanishangaza kwa sababu katika Kiswahili hatulifanyi. Nani husema "masikio ya tembo wa Afrika ni makubwa kuliko tembo wa Asia"? Tunasema "kuliko ya tembo wa Asia", na hiyo "ya" inatoka yenyewe bila kuitafuta. Tukiingia kwenye Kiingereza tunaiacha mlangoni. Ndipo tunapoandika "The ears of the African elephant are larger than the Asian elephant", na msomaji akabaki na picha ya masikio yanayomshinda mnyama mzima kwa ukubwa.

Kwa hiyo ninapofundisha, naanza na Kiswahili. Itamke sentensi yako kwanza kwa lugha uliyoizoea. Ukisikia "ya", "wa", "za" au "cha" baada ya "kuliko", jua Kiingereza nacho kinataka kitu mahali hapo: "that of" kwa umoja, "those of" kwa wingi. Masikio ya tembo yatakuwa "larger than those of the Asian elephant". Idadi ya watu wa India kuliko ya Ufaransa itakuwa "larger than that of France".

Umeona mtego? "Ya" ni ileile katika sentensi zote mbili, lakini moja imezaa "those" na nyingine "that". Kiswahili hakitakuamulia hapo; itazame nomino ya Kiingereza yenyewe. Maji kwetu yako katika ngeli ya YA na huchukua viambishi vya wingi, ilhali "water" ni umoja daima. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto, basi, ni "that of a river", hata kama sikio lako linadai wingi.

Kuna mahali Kiswahili kinakupoteza kabisa. Tunasema Everest ni mrefu kuliko mlima wowote duniani, na hakuna anayelalamika. Kwa Kiingereza cha kuandika, "higher than any mountain in the world" ina kasoro: Everest nao ni mlima na uko duniani, kwa hiyo umesema ni mrefu kuliko wenyewe. Andika "any other mountain". Lakini ukiulinganisha na milima ya Ulaya, "other" haitakiwi, kwa kuwa Everest uko Asia. Wapo wanaoibandika "other" kila mahali kwa usalama. Hilo nalo ni kosa.

Kuhusu umbo la kivumishi sitakaa sana. "Mrefu" kwetu habadiliki, "kuliko" ndiyo inayobeba mzigo wote, na hapo ndipo "he is tall than me" inapozaliwa. "Bora zaidi" nayo huzaa "more better". Chagua moja, "-er" au "more", kamwe si zote mbili. Shakespeare na wenzake wa karne ya 16 na 17 walizirundika pamoja na hawakuonekana wajinga, ila mtahini wako hatakubali utetezi huo.

Nimalizie na sentensi ambayo hata Kiswahili hakiisaidii: "Anna trusts Peter more than John." Je, Anna anamwamini Peter zaidi ya anavyomwamini John, au John naye anamwamini Peter, ila si sana kama Anna? Ijaribu kwa Kiswahili: "Anna anamwamini Peter kuliko anavyomwamini John." Bado! Hiyo "a" ya "anavyomwamini" inaweza kuwa ya Anna, inaweza kuwa ya John. Kiingereza hapa kimetuzidi, maana kinatatua jambo kwa kitenzi kimoja kifupi: "more than John does" ikiwa mwenye kuamini ni John, na "more than she does John" ikiwa ni Anna. Hii ya pili ni sahihi lakini inakwaruza masikio, kwa hiyo mimi huandika "more than she trusts John" na kurudia kitenzi bila aibu.