Hoteli Ndogo Baada ya Janga: Bei Iguswe Mwisho

Mwenye hoteli ya vyumba kumi au ishirini anapopigwa na janga, liwe la mafuriko, machafuko au ugonjwa wa mlipuko, swali la kwanza analoniuliza huwa ni apunguze bei kwa kiasi gani. Kazi yangu ni kupitia hesabu za hoteli za namna hii, na jibu langu ni kwamba bei ndiyo iguswe mwisho.

Tuchukue chumba kinachouzwa kwa 100 kwa usiku, ambacho kukihudumia, yaani dobi, sabuni, maji, umeme na kifungua kinywa, kunagharimu 25. Zile 75 zinazobaki ndizo zinazolipa mishahara, pango na mkopo wa benki. Bei ikishuka hadi 80, kinachobaki ni 55, na ili kufikia kile kilichokuwa kikipatikana kwa kuuza vyumba 100 italazimu kuuza vyumba 137. Wageni hao wa ziada watoke wapi, ikiwa kilichowazuia ni barabara iliyokatika au hofu, wala si bei? Tena bei iliyoshuka ni nzito kuipandisha. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, katika masoko mengi wageni walirudi mapema, lakini bei ya wastani ya chumba ilichukua muda mrefu zaidi kurejea ilipokuwa. Badala ya kupunguza, ni afadhali kuongeza kitu ambacho hakikugharimu sana, kama vile usiku wa ziada kwa anayekaa muda mrefu au ruhusa ya kuondoka jioni.

Kinachoua hoteli ndogo kwa kawaida ni kukosa fedha taslimu, hata pale ambapo hesabu za mwaka zingeonyesha faida. Kwa hiyo mimi huanza na karatasi moja inayoonyesha, wiki kwa wiki kwa miezi mitatu, fedha zinazotarajiwa kuingia na zinazolazimika kutoka. Hapo ndipo suala la amana, yaani fedha anazotanguliza mgeni anapoweka nafasi, hujitokeza. Amana ya mgeni ambaye hajalala ni deni, si mapato, na hoteli iliyokwisha kuitumia kununulia magodoro hujikuta inadaiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mpigie kila mmoja kabla hajakupigia wewe, umpe nafasi ya kuhamisha tarehe kwa bei ileile, na anayetaka fedha zake umwandikie siku utakayomlipa, kisha uitimize. Mgeni aliyerudishiwa fedha zake bila kusumbuliwa ana sababu ya kurudi. Aliyezungushwa atawasimulia wenzake.

Wanaorudi kwanza ni wa karibu. Mwaka 2020 safari za watalii wa kimataifa zilipungua kwa zaidi ya asilimia 70 zikilinganishwa na 2019, na hoteli nyingi zilizopata nafuu mapema zilikuwa zile ambazo mgeni aliweza kuzifikia kwa gari lake. Kitabu cha wageni kilichopo mapokezi ni mali hapa, kwa sababu mgeni wa zamani anayepiga simu moja kwa moja hakukati kamisheni, ambayo kwenye mitandao ya kuweka nafasi mara nyingi hufika asilimia 15 au zaidi.

Jengo lenyewe nalo lina madai yake, na hili husahaulika sana. Maji yaliyotuama kwenye mabomba ya vyumba vilivyofungwa kwa wiki kadhaa, hasa yakiwa kati ya nyuzi joto 20 na 45, huweza kuzalisha bakteria wa Legionella, ambao humwingia mtu anapovuta hewa yenye matone madogo sana ya maji hayo, kama yale ya bafuni, na kusababisha homa kali ya mapafu. Kabla ya kupokea mgeni, tangi la maji ya moto lipandishwe hadi nyuzi 60, na kila bomba, lile la chumba cha mwisho koridoni likiwemo, lifunguliwe taratibu bila kurusha matone hadi maji yaliyolala yaishe. Vichwa vya bafu vifunguliwe na kusafishwa, na tarehe ya kazi hiyo iandikwe chumba kwa chumba, kwa sababu mkaguzi wa afya ataiuliza.