Kusasisha ramani ya gari la spoti kabla ya kuvuka mpaka

Mwenye gari la spoti akinipigia simu kabla ya safari ya Ulaya, swali huwa lile lile: barabara zote anaziona kwenye skrini, sasa anunue ramani mpya ya nini? Namuuliza ya kwake ni ya mwaka gani. Akisema 2017, namwambia aangalie kile kiduara chenye namba ya mwendo kinachotokea pembeni mwa skrini. Hicho ndicho kilichochacha.

Barabara nyingi zipo palepale zilipokuwa, ila sheria zake hazitulii. Tarehe 1 Julai 2018 Ufaransa ilishusha mwendo kutoka kilomita 90 kwa saa hadi 80 kwenye barabara za njia mbili zisizo na kizuizi katikati. Baadaye ikaziruhusu mamlaka za mikoa kurudisha 90 pale zinapoona inafaa, kwa hiyo namba inaweza kubadilika ukivuka mpaka wa mkoa ambao hata hukuuona. Hispania ikashusha ya kwake kutoka 100 hadi 90 mwezi Januari 2019. Wales ikaweka maili 20 kwa saa badala ya 30 kwenye maeneo ya makazi, Septemba 2023. Ramani ya 2017 haina habari na hata moja kati ya hayo, na bado inakuonyesha namba ya zamani bila haya. Magari mengi ya karibuni yana kamera inayosoma vibao, lakini kibao kikifunikwa na majani au lori, mfumo unarudi kuiamini ramani. Kwenye gari linalofika 90 kabla hujatoka gia ya pili, kosa la kilomita 10 halichukui muda kukufikia.

Kabla ya kulipa chochote, ingia kwenye mipangilio utafute ukurasa wa maelezo ya mfumo, upige picha. Utakuta namba ya programu ya kifaa na toleo la ramani, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Kuna mifumo inayokataa ramani mpya mpaka programu yake ipandishwe kwanza. Kitu cha tatu ni leseni: kwa watengenezaji wengi ramani hufunguliwa kwa msimbo uliofungwa kwenye namba ya chasisi ya gari hilohilo. Kama gari lilinunuliwa mkononi na kifaa kilishawahi kubadilishwa, namba iliyomo ndani ya kifaa huenda si ya gari lako, na msimbo halali kabisa utakataliwa. Nakala za bei ya kutupa zinazouzwa mtandaoni mimi siziweki. Siku mfumo ukigoma ugenini, hakuna fundi rasmi atakayeugusa.

Angalia pia eneo. Kifaa kilichotengenezewa soko la Japani au Marekani Kaskazini mara nyingi hakigeuki kuwa cha Ulaya kwa kubadilisha faili tu: redio yake, na wakati mwingine antena na programu yote, ni ya kwao. Inachekesha kidogo, maana ni Wajapani waliotangulia: Honda walikuwa na kifaa cha kuelekeza njia kwenye gari mwaka 1981, kabla GPS haijawafikia wenye magari, na Mazda wakaweka mfumo wa GPS ndani ya Eunos Cosmo mwaka 1990, nayo ilikuwa gari la spoti.

Sasa umeme. Hapa ndipo kazi inapoharibikia, na hapa ndipo watu hawanisikilizi.

Kuingiza ramani ya bara zima kunaweza kuchukua saa nzima au mbili, swichi ikiwa imewashwa. Gari la kisasa likiwa katika hali hiyo, injini imezimwa, linaweza kunywa ampia 10 au zaidi bila wewe kugundua, maana feni, skrini na kompyuta zote ziko macho. Saa mbili kwa ampia 10 ni ampia-saa 20. Betri ya 60 imeshaondokewa na theluthi, na magari ya spoti mengi yanabeba betri ndogo zaidi kwa ajili ya kupunguza uzito. Volti ikishuka, gari linaanza kuzima vifaa ili libaki na nguvu ya kuwasha injini, na kifaa cha ramani ni miongoni mwa vya kwanza kuzimwa. Kikizimika katikati ya kuandika programu yake, unaweza kubaki na skrini nyeusi.

Dawa ni chaja, na si ile ndogo ya kutunza betri wakati gari limelala. Ile ya ampia 5 haifidii ampia 10 zinazotoka, inachelewesha tu. Mimi hutumia chaja kubwa yenye hali ya kushikilia volti, juu kidogo ya 13. Kama betri ni ya lithiamu, chaja iwe inayokubali lithiamu. Waya hasi naufunga kwenye sehemu ya chuma cha bodi iliyotengwa kwa kazi hiyo, siufungi kwenye kichwa cha betri, kwa sababu pale kuna kihisi kinachopima umeme unaoingia na kutoka. Ukikiruka, gari halijui kama linachajiwa na litajizima hivyohivyo. Asiye na chaja aweke gari nje aache injini ikinguruma, kama maelekezo ya mtengenezaji yanaruhusu. Isiwe ndani ya gereji iliyofungwa, ule moshi unaua.

Flashi nayo ina tabia zake. Mifumo ya zamani inasoma flashi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32 pekee, yaani namna moja ya zamani ya kupanga mafaili, na FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4. Mafaili yakae juu kabisa ya flashi, yasiwe ndani ya folda uliyoiunda wewe. Aliyenakili kwa kompyuta ya Mac ajue kwamba hiyo huongeza mafaili yaliyofichwa, yanayoanza kwa nukta, na kuna vifaa vinavyoyakuta vikagoma vikidai flashi ni mbovu. Yafute, jaribu tena.

Ukimaliza, toa gari nje penye anga wazi uliache kama robo saa. Lililolala miezi linabeba taarifa za zamani za mpangilio wa setelaiti, na GPS hutumia dakika 12 na nusu kuutangaza mpangilio wote upya. Tazama tarehe. Ikionyesha miaka karibu 20 nyuma, huo ni ugonjwa wa hesabu ya wiki: mfumo wa zamani wa GPS unahesabu wiki 1,024 kisha unarudi sifuri, na mara ya mwisho ulirudi usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Ramani mpya haiuponyi, inahitajika programu ya kifaa.

Tahadhari za kamera za mwendo zishughulikie kabla ya mpaka. Ufaransa ilipiga marufuku vifaa vinavyotaja mahali kamera zilipo tangu Januari 2012, ndiyo maana mifumo ya kule husema tu eneo la hatari. Ujerumani dereva haruhusiwi kutumia tahadhari hizo. Uswisi ni wakali zaidi: kifaa chenye orodha hiyo kinaweza kuchukuliwa. Kama uliwahi kuingiza orodha ya kamera kutoka pembeni, ifute kabisa, usiizime tu.

Italia ina mitaa ya katikati ya miji inayoruhusu wenye kibali pekee, na ramani nyingi za kwenye gari zinakupitisha humo bila kusema neno. Hapo simu inasaidia zaidi, na hata kwa foleni naiamini simu. Ila milimani mtandao unakatika, na ndani ya handaki kama la Gotthard, karibu kilomita 17, setelaiti hazionekani; gari linaendelea kujua lilipo kwa kuhesabu mzunguko wa magurudumu na kupima kona. Kwa hiyo naacha vyote viwili vikifanya kazi.

Fanya haya wiki mbili kabla ya kuondoka. Andika kwenye karatasi anwani ulizozihifadhi, kwa sababu sasisho likizikuta linaweza kuzifuta au kuziacha zikielekeza kusiko. Halafu weka anwani ya nchi ya mwisho ya safari na ukatae barabara zisizo na lami, usije ukakwangua pua ya gari. Uone mfumo unachora njia hadi mlangoni. Ukiishia mpakani, eneo hilo halimo ndani ya leseni yako, na bado una muda wa kumrudia aliyekuuzia.