Ugoko unauma, lakini unauma vipi?

Kila aliyewahi kugonga ugoko kwenye kona ya kitanda anaifahamu periostiamu, hata kama jina lake halijui. Ni utando mwembamba unaouvika mfupa karibu wote, isipokuwa penye gegedu za viungo. Umejaa mishipa ya fahamu, na pale ugokoni hauna nyama ya kuukinga. Ndiyo maana machozi hutoka bila kuitwa.

Utando huo ukipata mchochota, sisi madaktari wa mifupa tunasema ni periostaitisi. Wengi wanaoniletea tatizo hili ni wakimbiaji na wachezaji walioongeza mazoezi ghafla, mfupa na misuli ya shavu la mguu vikazidiwa.

Kabla ya kuagiza picha yoyote, napitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa ugoko. Maumivu yakitandaa sentimita 5 au zaidi, nafikiria utando. Lakini mgonjwa akishtuka nikigusa sehemu moja tu, ndogo kama kitufe cha shati, nashuku mfupa umepata ufa. Eksirei safi isikutulize haraka hapo, maana ufa mchanga unaweza kujificha wiki 2 au 3. MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, huuona mapema zaidi.

Tiba ya utando haina mbwembwe: pumzika kukimbia, weka barafu iliyofungwa kitambaa kwa dakika 15 hivi, ogelea kama hakuumi, kisha rudi mazoezini kidogo kidogo. Ibuprofeni hupunguza maumivu (mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu aulize kwanza), ila siipendi inapomezwa ili mtu akakimbie leo hiihii.

Homa, wekundu na maumivu yasiyokuacha hata ukilala ni habari nyingine: huenda bakteria wameingia kupitia damu au kidonda sugu. Kwa watoto ni hatari zaidi, kwa kuwa utando wao haujashikamana sana na mfupa; usaha huubandua na kuunyima mfupa damu. Hapo ni antibayotiki kwa wiki kadhaa, pengine na upasuaji wa kutoa usaha.

Halafu kuna wanaoumwa miguu yote miwili, na ncha za vidole zimevimba kama virungu. Saratani ya mapafu inaweza kufanya hivyo. Mtu kaja na miguu, mimi naagiza picha ya kifua. Hunitazama kama vile sijamsikia.