Meniskasi: hilali ya gotini, ya kwenye bureti na ya kwenye miwani

Baba mmoja wa makamo aliingia kliniki na bahasha ya picha za MRI, ameongozana na binti yake wa kidato cha nne. Majibu yalisema meniskasi ya upande wa ndani wa goti la kulia, yaani kipande cha gegedu kinachokaa kati ya mifupa, imechanika. Kabla sijafungua mdomo, binti akamgeukia: "Lakini baba, meniskasi si ile ya kwenye bureti, lile bomba la kioo la kupimia maji maabara?" Yule mzee akanitazama, akamtazama mwanawe, kama mtu anayejiuliza nani kati yetu anamdanganya.

Hakuna aliyemdanganya. Jina ni moja, limepewa vitu visivyojuana kabisa.

Asili yake ni Kigiriki. Meniskos ni mwezi mdogo, yaani hilali, ule mwezi mwembamba ambao jioni ya tarehe 29 Shaabani watu huukodolea macho upande wa machweo. Wagiriki wa kale hawakulibania jina hilo. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Hippocrates wa Chios (msimchanganye na Hippocrates wa Kos, yule anayeitwa baba wa utabibu) alionyesha kwamba umbo fulani la hilali, lenye kingo za kupinda pande zote mbili, lina eneo sawasawa na pembetatu. Umbo hilo nalo ni meniskos. Hata visahani vya chuma vilivyowekwa juu ya vichwa vya sanamu ili ndege wasizichafue viliitwa hivyohivyo. Jina lilitaja sura tu, likanyamaza kuhusu kazi, na ndiyo maana mpaka leo ukilikuta kwenye karatasi huna budi kuuliza: hilali ya wapi?

Tuanze na ya binti. Mimina maji kwenye glasi, iweke juu ya meza, kisha uiname mpaka jicho liwe usawa mmoja na maji. Utaona uso wa maji haukunyooka. Ukingoni umepanda kidogo kwenye kioo, katikati umebonyea. Chembe za maji zinavutwa na kioo kwa nguvu kuliko zinavyovutana zenyewe, kwa hiyo zinakipanda. Zebaki hufanya kinyume. Chembe zake zinang'ang'aniana zenyewe na kioo hazikitaki, hivyo uso wake hutuna katikati. Ndiyo sababu mwanafunzi hufundishwa kusoma maji chini ya mbonyeo, na zebaki kwenye kilele cha mbinuko. Kwa pamanganeti ya potasiamu, ambayo zambarau yake ni nzito kiasi kwamba chini hapaonekani, husomwa ukingo wa juu, mradi usomaji wa mwanzo na wa mwisho ufanywe kwa namna ileile.

Jambo hili halikai maabara peke yake. Mzazi anayempimia mtoto dawa ya maji kwa kikombe kidogo chenye mistari anasoma meniskasi hata kama hajawahi kulisikia neno hilo. Akikishika kikombe mkononi na kukitazama kutoka juu, huku mistari ikiwa upande wake, dawa itaonekana imefika kwenye alama ya mililita 5 wakati bado haijafika. Mtoto anapewa pungufu, asubuhi na jioni, siku tano mfululizo. Kikombe kiwekwe mezani, mtu ainame. Na kama duka la dawa limekupa bomba la sindano lisilo na sindano, litumie hilo, maana kosa lake ni dogo zaidi.

Miwani nitaipitia haraka. Kama umevaa, ivue uipapase lenzi. Upande wa nje umebinuka, upande wa jichoni umebonyea. Hiyo ni lenzi ya meniskasi. Mwingereza William Hyde Wollaston alichukua hataza ya miwani ya namna hiyo mwaka 1804, kwa hoja kwamba jicho halitulii katikati ya lenzi, huzungukazunguka, na lenzi iliyopinda kulifuata humwezesha mtu kuona vizuri mpaka pembeni.

Sasa goti, ambalo ndilo lililomleta mzee.

Mfupa wa paja unaishia chini kwa vichwa viwili vya mviringo. Mfupa wa muundi unaupokea kwa uso ulio karibu bapa. Jaribu kusimamisha chungu juu ya meza bila kata, ile pete ya nguo au majani ya kukikalisha, uone kitakavyoyumba. Kata ya goti ndiyo meniskasi, na kila goti linazo mbili, ya ndani na ya nje. Ya ndani imepinda kama herufi C, ya nje inakaribia kufunga duara, na zote mbili zimetazamana kama hilali mbili zinazoamkiana. Zimeumbwa kwa gegedu ngumu yenye nyuzi, nene ukingoni, nyembamba kuelekea katikati. Kwa umbo hilo hujaza ile nafasi na kuutandaza uzito. Goti likiwa limenyooka, zinabeba takriban nusu ya mzigo unaopita hapo. Likikunjwa nyuzi 90, zinabeba karibu asilimia 85. Anayechuchumaa chooni, anayeosha vyombo chini na anayeinuka kutoka sijida wote wanazitegemea.

Ajabu ni kwamba kwa muda mrefu madaktari walizidharau. Mwaka 1897 daktari mashuhuri wa Uingereza, Bland-Sutton, aliandika kuwa ni masalia tu ya misuli, hazina kazi. Miaka mingi ikafuata ambapo meniskasi iliyochanika iling'olewa yote na mgonjwa akaruhusiwa kwenda nyumbani. Mwaka 1948 daktari aitwaye Fairbank akazitazama eksirei za magoti yaliyong'olewa meniskasi na kukuta mfupa umeanza kubapa, nafasi ya kiungo imepungua, na ukingoni kumeota kigongo. Goti lililonyang'anywa kata lilikuwa linazeeka kabla ya wakati. Polepole, baada ya hapo, mkono wa mpasuaji ukawa mzito zaidi kukata. Nina hakika wako wazee wa leo, wachezaji wa mpira wa zamani, wanaochechemea kwa sababu ya upasuaji uliofanywa kwa nia njema kabisa.

Kushona mchaniko badala ya kuukata nako kuna mipaka yake. Damu hufika ukingoni tu mwa meniskasi, katika theluthi ya nje. Jeraha la hapo lina nafasi nzuri ya kuunga. La sehemu ya ndani halipati damu, na kisichopata damu hakiungi kirahisi. Kwa hiyo swali la maana ni imechanika wapi na kwa namna gani.

Kuna njia mbili za kuchanika, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kijana. Mguu umekita chini, mwili unageuka, uzito uko juu ya goti. Husikika kitu kimealika, na uvimbe huja taratibu, mara nyingi kesho yake. Wakati mwingine kipande kilichochanika hujikunja na kujipachika katikati ya kiungo, goti likakwama na kukataa kunyooka kabisa. Goti lililokwama hivyo lisisubiri kandwa wala mafuta ya kuchua. Lipelekwe kwa daktari wa mifupa mapema.

Ya pili ni ya mzee wetu. Hakuanguka, hakucheza mpira. Gegedu imechakaa kama soli ya kiatu, ikaachia nyuzi. Hapa karatasi ya MRI inaweza kumtisha mtu bure. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 kutoka mji wa Framingham, Marekani, ulipima magoti ya watu 991 wenye umri wa kuanzia miaka 50. Kati ya wale waliokutwa na meniskasi iliyochanika, asilimia 61 hawakuwa na maumivu wala ukakamavu wa goti katika mwezi uliotangulia. Mwaka 2013 watafiti wa Finland wakaenda mbali zaidi. Waliwagawa wagonjwa 146 wenye mchaniko wa uchakavu, nusu wakapunguziwa meniskasi, nusu wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza ambao haukukata kitu ndani. Baada ya mwaka mmoja, hali za makundi hayo mawili hazikutofautiana kwa kiasi cha maana.

Mzee aliniuliza kama mafuta ya goti yameisha. Swali hili huulizwa kila siku, na nyuma yake huja supu ya makongoro na bamia. Supu ni tamu na sina ugomvi nayo, ila kinachoingia tumboni humeng'enywa kwanza, hakiteremki moja kwa moja kwenda kupaka goti. Goti lake lilikuwa na ute wa kutosha. Lililopungua ni nguvu ya misuli ya mbele ya paja, na hiyo unaiona ukipima mapaja kwa futi ya fundi cherehani. La kulia lilikuwa jembamba kuliko la kushoto.

Kabla hawajaondoka binti akauliza kama ziko nyingine. Ziko. Machozi yanayokaa juu ya ukingo wa kope ya chini hujikunja kama maji ya kwenye glasi, na daktari wa macho hupima kimo cha hilali hiyo, ambacho hakifiki hata nusu milimita, anapomchunguza mtu mwenye macho makavu. Maji yakijaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, kwa kifua kikuu kwa mfano, eksirei ya mtu aliyesimama huonyesha weupe uliopanda ubavuni na kubonyea kuelekea katikati. Waisomao picha huita hiyo dalili ya meniskasi. Hewa nayo ikiingia humo pamoja na maji, ule mpindo hupotea na mstari hunyooka kama umepigwa kwa rula, na hapo daktari anajua ana tatizo la pili.

Nikampa mzee zoezi la kuanzia. Akae kwenye kiti, anyooshe goti taratibu, alishikilie kwa sekunde tano, ashushe, arudie mara kumi, asubuhi na jioni. Kwa wiki za mwanzo asichuchumae mpaka chini. Kazi ya kuhesabu sekunde akaichukua binti, akasema amezizoea kwenye saa ya maabara.