Kabla hujalipa ile elfu thelathini

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwangu dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anayesomba dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Alikuwa ametochiwa, yaani trafiki walimpiga picha ya spidi, njia ya Usagara: spidi 63 kwenye eneo la 50. Akaniwekea simu mezani, meseji ya malipo ya faini iko wazi: 30,000, imelipwa siku ile ile.

"Wakili, kwenye ile picha si gari yangu. Ni kirikuu nyeupe kama yangu, ila herufi ya mwisho ya namba ni tofauti."

"Sasa ulilipa kwa nini?"

"Nilikuwa na mzigo wa watu nyuma. Ningefanyaje?"

Swali lake ndilo limenifanya niandike, maana nalisikia kila wiki kutoka kwa madereva wa Hiace za Buhongwa, wa malori, hata walimu wenye gari za kutembelea. Watu wengi wanadhani trafiki akishaandika, kesi imeisha. Haijaisha. Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, askari anapokuandikia anakutuhumu. Kukuhukumu si kazi yake. Ukilipa, umekubali kosa. Usipokubali, una haki ya kupelekwa mahakamani, na huko ni upande wa Jamhuri, yaani wanaokushtaki, unaotakiwa kuthibitisha, si wewe kujitakasa. Yule kijana alikuwa na hoja nzuri kabisa, akaizima mwenyewe kwa simu yake.

Kwa hiyo muda wa maana ni zile dakika mbili tatu ukiwa pembeni ya barabara. Zima gari, salimia, toa leseni. Kama ni tochi, sema, "Afande, naomba niione picha vizuri." Usiangalie spidi peke yake. Soma namba ya gari herufi kwa herufi, soma saa, kisha jiulize wewe saa hiyo ulikuwa wapi. Kumbuka pia kibao: eneo la 50 lina kibao cha kuanzia na kingine chenye mstari kinachoonyesha limeisha. Kama unaamini ulishakivuka hicho cha pili, kipige picha kabla hujaondoka, na uandike jina na namba ya askari iliyo kwenye sare. Halafu utamke bila kupandisha sauti: "Afande, kosa hili silikubali, naomba twende mahakamani." Nimeona mara nyingi sentensi hiyo ikimfanya askari mwenyewe airudie picha kuitazama upya. Naye anasimama juani tangu asubuhi, anakosea kama mtu yeyote.

Lakini sishauri kila mtu apinge. Kama hukufunga mkanda, hukufunga. Kama hukusimama kwenye zebra na watoto wa shule wanavuka, lipa, na mahakamani usinitafute. Kesi inakula siku za kazi, na hakimu hafungwi na ile elfu thelathini.

Kuhusu hela ya kubrashi viatu nina neno moja tu, tena nalisema kwa uchungu. Faini halali inalipwa kwa kontroli namba, ile namba ya malipo ya serikali. Noti unayoikunja ndani ya leseni ni rushwa, na sheria inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Ukiombwa, piga 113, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni bure. Dereva aliyezoea kutoa hapingi kosa hata anapoonewa, kwa sababu ameshazoea kununua njia.

Yule wa dagaa sikumtoza kitu, maana sikuwa na la kumsaidia. Juzi akanipigia akiwa Kisesa, amesimamishwa tena.

"Wakili, nimeisoma picha yote, namba mpaka saa. Hii ni yangu."

Nikamwambia alipe.