Hofu ya ghafla: ushauri unaosikika kila mara, na mwili unavyofanya kazi kweli

Moyo unaanza kwenda mbio bila sababu inayoonekana. Kifua kinabana, vidole vinaingia ganzi, na wazo moja linatawala kichwa: nakufa. Aliyepatwa na shambulio la hofu hana nafasi ya kupima ushauri anaopewa dakika ile, ndiyo maana nataka tuupime sasa, kabla halijaja jingine.

"Vuta pumzi ndefu, vuta hewa nyingi"

Hili husemwa kwa nia njema, na ndilo linaloharibu zaidi. Mwenye hofu kali huhisi anakosa hewa, ilhali mara nyingi anapumua kwa kasi na kwa nguvu kupita mahitaji ya mwili. Oksijeni kwenye damu yake kwa kawaida inatosha. Kinachopungua ni kabonidayoksaidi, maana anaitoa haraka kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikipungua, kiwango cha asidi kwenye damu hushuka na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa kidogo. Hapo ndipo kinapotokea kizunguzungu, ganzi ya vidole na ya kuzunguka midomo, na ile hali ya kutisha ya kuona mambo yote yako mbali, kana kwamba si ya kweli. Ukimhimiza mtu huyo avute hewa zaidi, unachochea moto uleule anaotaka kuuzima.

Kinachosaidia ni kupunguza mwendo na kurefusha utoaji wa pumzi. Vuta hewa polepole kwa pua, kiasi cha kawaida tu, ukihesabu kimoyomoyo hadi 4. Kisha itoe taratibu kwa mdomo, midomo ikiwa imebanwa kidogo, ukihesabu hadi 6. Tumbo ndilo lipande na kushuka. Mabega yaache yalegee. Kila hesabu ikiwa sekunde moja, utapumua mara 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Kurefusha utoaji kuna sababu yake: mapigo ya moyo huongezeka kidogo tunapovuta hewa na kupungua tunapoitoa, na neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi kwenye moyo na viungo vingine vya ndani, ina mchango mkubwa katika hilo. Kama 6 inakubana, vuta kwa 3 na utoe kwa 4. Hesabu isigeuke mtihani.

Ushauri wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi nao tuuache. Ikiwa tatizo lilikuwa pumu au moyo, kupumulia ndani ya mfuko kunamnyima oksijeni mtu anayeihitaji.

"Utazimia, au moyo utasimama"

Kuzimia kwa kawaida hutokana na presha ya damu kushuka ghafla. Kwenye shambulio la hofu adrenalini, homoni ya kuuandaa mwili kukabili hatari, huongezeka, moyo hupiga kwa kasi na presha huelekea kupanda, kwa hiyo kuzimia ni nadra. Wapo wanaozimia kweli wakiona damu au sindano, lakini hao presha yao hushuka; hiyo ni hali tofauti. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 na kuanza kushuka, hata kama hukufanya lolote.

Hata hivyo, usijipe jibu mwenyewe mara ya kwanza. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya, au yanayokuja ukiwa kwenye kazi ya nguvu, yapelekwe hospitali bila kusubiri. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na matatizo ya mdundo wa moyo huleta dalili zinazofanana na hizi. Daktari akishathibitisha kwamba moyo ni mzima, mbinu za kutuliza mwili zinakuwa na msingi wa kusimamia.

"Niliwahi kujaribu, haikusaidia"

Karibu kila mara ninayeongea naye alijaribu akiwa tayari amezidiwa. Mbinu hizi hufunzwa mwili ukiwa umetulia, kila siku, kwa dakika chache. Chukua ile ya kukaza na kulegeza misuli, ambayo daktari Mmarekani Edmund Jacobson aliieleza tangu miaka ya 1920. Kunja ngumi kwa sekunde 5 hivi, kisha iachie ghafla na ukae na ule ulegevu kwa sekunde 15 au 20. Nenda kwenye mikono, mabega, uso, tumbo, mapaja, hadi nyayo. Panapouma, paruke. Baada ya majuma kadhaa unaanza kutambua mkazo ungali mdogo, kwenye taya au mabegani, na kuulegeza kabla haujapanda.

Wengine hupata wasiwasi zaidi wanapojituliza, hasa wakifumba macho. Hilo linajulikana kwa wataalamu, wala si ishara kwamba umeharibika. Fumbua macho, fupisha zoezi, au utembee polepole ukisikiliza nyayo zako zinavyogusa ardhi.

"Lengo ni kuifukuza hofu"

Kwangu hapa ndipo penye kiini. Mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza mwaka 1986 jinsi shambulio linavyojizungusha: mtu anahisi moyo ukidunda, anautafsiri mdundo kuwa hatari, tafsiri hiyo inaongeza hofu, na hofu inaongeza mdundo. Ukipumua huku umejikaza, ukijiambia "lazima iishe sasa hivi", bado unakubali kwamba mdundo ule ni hatari. Pumua polepole kwa nia ya kuupa mwili muda, na ujiambie wazi: hii ni hofu, inaumiza, itapita. Kadiri inavyowezekana, baki pale ulipo. Kila sehemu unayoikimbia inaongezeka kwenye orodha ya sehemu unazoziogopa, na maisha yanazidi kubana.

"Ni udhaifu tu"

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 301 waliishi na matatizo ya wasiwasi mwaka 2019. Mashambulizi yakijirudia, au ukianza kuishi ukiyasubiri, tafuta mtaalamu. Tiba ya utambuzi na tabia, yaani mazungumzo na mtaalamu ya kubadili mawazo na mienendo inayokuza hofu, ina ushahidi mzuri, na zipo dawa anazoweza kuandika daktari. Punguza kahawa ikiwa inakuchochea. Pombe hutuliza kwa saa chache, kisha wasiwasi hurudi na nguvu zaidi.

Nawe uliyekaa na mwenye hofu, neno "tulia" halimsaidii. Kaa karibu naye, muulize kama anataka kushikwa mkono, sema machache kwa sauti ya chini, na pumua wewe mwenyewe polepole ili apate mwendo wa kufuata.